Kidole cha Samli

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake hakikuwa uso. Kilikuwa alama ya dole gumba, ya samli, kwenye pembe ya chini ya ukurasa.

Kitabu kilikuwa kimerudishwa asubuhi, nami nilikuwa nikifuta jalada lake la nailoni kwa kitambaa chenye maji kabla ya kukiweka kwenye rafu. Nikakifungua kuona kama kuna ukurasa uliochanwa, maana wapo wateja wanaopenda kuondoka na picha. Hakukuwa na mchano. Kulikuwa na ile alama tu, ya mviringo, karatasi imekuwa angavu kama kidirisha hadi herufi za upande wa pili zinaonekana. Nikageuza. Nyingine. Kurasa nyingine alama ilikuwa hafifu, kama ya mtu anayepita mbio. Nyingine ilikuwa nzito, imezama, kama ya mtu aliyeshika ukurasa akasahau kuugeuza.

Nikasoma pale penye alama nzito kuliko zote. Ni pale mjane anaposikia viatu vya mumewe, ambaye walimzika juzi, vikipanda ngazi.

"Huyu aliogopa hapa," nikajisemea.

Na mimi niliogopa hapohapo.

Duka letu la kukodisha vitabu liko karibu na soko la mji wetu wa Pathein, kwenye ile njia inayonukia halua mchana kutwa. Ni la mama mkubwa Tin Shwe, dada wa marehemu mama yangu. Alinichukua nilipoacha shule darasa la tatu, akaniweka nyuma ya meza, akasema, "Kaa hapa, usiongee na mtu." Hilo la pili halikuwa na haja ya kuniambia. Mimi maneno hunikwama kooni tangu utoto. Lakini vitabu vilikuwepo, ukuta hadi ukuta, na vilivyopendwa kuliko vyote vilikuwa vya mauaji na upelelezi. Nilianza kwa kusoma majina ya juu. Kisha kurasa za kwanza. Mwishowe nikawa nasoma mpaka mama mkubwa ananipiga bega kwa kipepeo cha makuti alichokuwa akijipepea nacho. "Sabei! Mteja! Huyo maiti hatakimbia!"

Riwaya nene tunaikata katikati kwa kisu. Kila nusu tunaishona kwa sindano ya gunia, tunaivika karatasi ngumu na nailoni. Hivyo kitabu kimoja kinakuwa viwili, cha mwanzo na cha mwisho, na watu wawili wanakisoma kwa wakati mmoja. Anayemaliza cha mwanzo lazima arudi. Kama cha mwisho kiko kwa mtu mwingine, anakaa kwenye benchi letu na kuteseka.

Mwenye kidole cha samli alirudi jioni ile. Nilimjua kabla hajasema. Alinukia nazi na siagi na moshi wa kuni. Alikuwa kijana mrefu, kikoi amekifunga vizuri kiunoni, mikono imejaa misuli ya mtu anayekoroga karai kubwa kila siku. Alikuwa Zeya, mtoto wa Daw Hla Kyi, yaani Bi Hla Kyi, mwenye kiwanda cha halua mwisho wa njia.

Kabla sijanyanyua macho, mke wa fundi saa aliingia. "Dada, nipe chenye mauaji, lakini damu isiwe nyingi. Nina presha."

Mimi nikageukia rafu, nikashindwa kusema nichague kipi. Zeya ndiye aliyemjibu.

"Mama, umeshasoma kile cha mjane na viatu?"

"Kina damu?"

"Hata tone. Kuna mjane. Mumewe amezikwa Jumatatu, yeye mwenyewe amemwona akishushwa kaburini. Jumatano yuko chumbani anachana nywele. Anasikia viatu kwenye ngazi. Anavijua vile viatu, kimoja kina msumari umelegea. Ta, tak. Ta, tak." Alikuwa akigonga meza yangu kwa kidole. "Anaweka chanuo chini. Viatu vinafika mlangoni. Vinasimama. Kitasa kinageuka…"

Akanyamaza.

"Halafu?" akauliza mke wa fundi saa.

"Halafu nini?"

"Kitasa kinageuka, halafu?"

"Halafu unakodi."

Mama mkubwa alicheka mpaka akakohoa moshi wa sigara yake ya jani. Mke wa fundi saa aliondoka na kitabu kifuani, huku akimwita mtoto mbaya. Nami nilisimama nimeshika kitambaa changu, nikimwangalia kijana aliyejua mahali pa kunyamaza. Watu wengi wakisoma kitabu kizuri hukimwaga chote barabarani. Hukutana na mwenzao sokoni na kumwambia, "Muuaji ni daktari," na kuona wamefanya wema. Huyu alikuwa anakufikisha mlangoni tu, kisha anakuachia ufunguo.

Akanigeukia. "Na wewe? Wewe ulidhani ni nani?"

"Mimi?"

"Nasikia wewe ndiye umesoma duka zima."

"Ni… nilimdhania shemeji."

"Kwa nini?"

"Alilia sana." Nikakunja kitambaa changu. "Mtu mwenye uchungu kweli hapati nafasi ya kulia vizuri vile."

Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo, kama mtu aliyefungua kitabu asichokitarajia. "Basi," akasema polepole, "nipe unachonipendekezea wewe."

Ndivyo msimu wote wa mvua ulivyopita. Mvua ya Pathein haina simile. Njia zinageuka mito, wateja wanakuja wamebeba kandambili mkononi na kitabu chini ya shati. Kila jioni, karai likishaoshwa, Zeya alikuja. Nilimchagulia kitabu, yeye akanichagulia mimi, na mara nyingine tulisoma kimoja kwa pamoja, yeye nusu ya mwisho na mimi ya mwanzo, nikimkimbilia.

"Umefika wapi?"

"Kwenye kisima."

"Ah! Bado hujafika kwenye kisima kile kingine!"

"Kuna kisima kingine? Kaka Zeya, usiniambie!"

"Sijasema kitu. Mdomo wangu umefungwa. Kula halua."

Alileta halua katika jani la mgomba, ashinde au ashindwe kumkisia muuaji. Na mimi, mtu wa maneno ya kukwama, nilijikuta nabishana. Nilimwambia mpelelezi wa kitabu fulani ni mvivu. Nilimwambia wapelelezi wote wanakunywa chai mno. Alicheka huku ameinamisha kichwa, na mimi nikaenda kulala na kicheko chake.

Akiondoka tu, nilifungua kile kitabu alichokirudisha, nikafuata alama zake kutoka ukurasa hadi ukurasa. Nilijua alipokimbia, alipochoka, alipoogopa. Nilipofika kwenye kila alama nilifanya jambo dogo, ambalo niliamini nitakufa nalo.

Kisha karai likaungua.

Ilikuwa wiki chache kabla ya Thadingyut, sikukuu ya taa, watu wakiagiza halua kwa ajili ya kuwapelekea wazee wao. Halua haitaki mzaha. Ukisimamisha mwiko kwa muda wa kusoma ukurasa mmoja, chini inashika. Harufu ilifika mpaka kwetu. Baada ya harufu akafika Daw Hla Kyi mwenyewe, hakuvua hata aproni, na mkononi ana nusu ya kitabu. Nilikitambua. Ilikuwa sehemu ya mwanzo ya *Kivuko cha Asubuhi*, niliyoishona juzi na kumpa Zeya kabla ya mteja mwingine yeyote.

"Tin Shwe! Hiki ni nini?"

"Kitabu," mama mkubwa akasema. "Umewahi kuviona?"

"Kilikuwa kando ya jiko langu! Karai zima limeungua! Mwanangu amesimama na mwiko mkono mmoja na takataka hii mkono wa pili!"

"Mlaumu aliyekoroga. Kitabu hakijui kukoroga."

"Namlaumu aliyempa." Akanigeukia. Daw Hla Kyi ni mwanamke mfupi, uso wake umepakwa vizuri kila siku tanaka, ule unga wa gome la mti, na macho yake yanakupima kama mizani ya sokoni. "Wewe. Unafikiri sioni? Kila jioni anaoga mara mbili, anachana nywele, anakuja kuchagua kitabu. Mtu anachana nywele kwa ajili ya kitabu?"

Sikujibu. Nilitaka. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno yakarudi.

"Angalia. Hata kujibu hajui. Shule ameacha darasa la tatu, ulimi hana. Mimi nina kiwanda, nahitaji mkwe atakayesimama mbele ya wateja wa jijini Yangon akaongea. Mvua zikiisha watu wanaoa. Kaka yangu ana duka Yangon, na jirani yake ana binti. Siku inayofuata Thadingyut, Zeya anapanda basi. Na kuanzia leo hakanyagi hapa. Umesikia?"

"Ameshasikia, na njia nzima imesikia," mama mkubwa akasema. "Lete kitabu changu."

"Sileti! Hiki nakwenda kukitia jikoni, kiungue kama halua yangu."

Akageuka. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Si kwa ajili ya Zeya, wala si kujitetea. Ulifunguka kwa ajili ya kitabu, maana nilikuwa nimekisoma chote wakati nakishona.

"Shangazi."

Akasimama.

"Kama utakichoma… soma ukurasa wa kwanza kwanza. Mmoja tu. Kivuko kinaondoka ng'ambo hii na abiria saba, kinafika ng'ambo ile na sita, na katikati ya mto hakuna aliyesikia kitu kuanguka majini."

Mvua ilisikika juu ya bati. Daw Hla Kyi akaniangalia kana kwamba nimemtemea mate.

"Wazimu," akasema, akaondoka.

Mama mkubwa akavuta sigara yake. "Mtu anakutukana, wewe unamkodishia kitabu." Akatikisa kichwa. "Umenirithi mimi zaidi ya mama yako."

Sikucheka. Nilikwenda nyuma ya rafu ya mwisho, nikakaa chini kwenye sakafu, nikalia kwa namna ile isiyo na uzuri wowote.

Zeya hakuja jioni ile wala zilizofuata. Ni mtoto anayemtii mama yake, na nisingempenda kama asingekuwa hivyo. Baba yake alikufa wakati bado hajui kuvaa kikoi, na mama yake alikoroga lile karai peke yake mpaka mikono ya mtoto ilipokua. Nilimwona mara moja tu, ng'ambo ya njia, amebeba sinia la halua kichwani kwenda sokoni. Akasimama. Macho yetu yakakutana juu ya vichwa vya watu. Hakuweza kupunga mkono, sinia lilikuwa zito. Akanyanyua dole gumba kutoka kwenye ukingo wa sinia, basi, kidogo tu, kisha akalirudisha na kwenda zake.

Nilikaa na dole lile siku nyingi.

Asubuhi moja nilikuwa natundika vitabu vilivyolowa kwenye kamba wakati harufu ilipokuja. Nazi iliyoshika. Sukari iliyogeuka chungu.

"Halua inaungua tena," mama mkubwa akasema, akinyanyua pua. "Yule kijana ana wazimu gani? Na kitabu ameshanyang'anywa!"

Nikamwonyesha kwa kidole. Zeya alikuwa mbele yetu, barabarani, anamsaidia dereva wa baiskeli ya abiria kupakia makopo ya halua. Naye alikuwa amenyanyua kichwa, ananusa, uso umejaa mshangao.

"Basi nani yuko kwenye karai?" mama mkubwa akauliza.

Moyoni mwangu kitu kilikaa wima, kama mpelelezi anapoona kikombe ambacho hakipaswi kuwa mezani.

Kesho yake Daw Hla Kyi akaja. Mama mkubwa alikuwa ameenda kununua mohinga, supu ya samaki na tambi. Nilikuwa peke yangu. Aliweka mezani kifurushi cha gazeti.

"Mali yenu. Sikutaka watu waseme nimeiba. Kiwanda changu hakina nafasi ya takataka."

"Asante, Shangazi."

Nikafungua gazeti. Sehemu ya mwanzo ya *Kivuko cha Asubuhi*, haina hata kovu la moto. Nikakifungua kama ninavyofungua vitabu vyote vinavyorudi, kuona kama kuna mchano. Hapakuwa na mchano.

Kulikuwa na alama za samli.

Za Zeya nilizijua, zilikwenda mpaka kwenye ukurasa aliokuwa akiusoma karai lilipoungua, zikakoma. Lakini alama hazikuisha pale. Baada ya zile, na juu ya zile, tangu ukurasa wa kwanza, kulikuwa na nyingine. Dole dogo, la mwanamke, na katikati yake mstari mweupe usioshika mafuta, kama wa kovu la zamani la kuungua. Mbio hapa. Nzito pale. Nzito sana pale ambapo mtawa mwenye mwavuli anagundua kwamba kikapu chake kimekuwa kizito kuliko alivyokipakia. Na kati ya kurasa mbili za mwisho, mbegu nyeusi ndogo ya zile zinazonyunyiziwa juu ya halua.

Nilinyanyua macho. Daw Hla Kyi alikuwa bado amesimama. Alijifanya anatazama rafu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa meza yangu, na kwenye dole gumba kulikuwa na kovu jeupe, jembamba kama uzi.

Mama mkubwa angepiga kelele mpaka soko likaja kushuhudia. Mimi si mama mkubwa. Na nilikuwa namtazama mwanamke yule, asiyepumzika tangu ujane wake, ambaye pengine hii ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kukaa chini, mikono ina samli, na kusahau karai. Sikumwona adui. Nilimwona msomaji aliyeachwa katikati ya mto.

Nikainama chini ya meza. Sehemu ya mwisho nilikuwa nimeificha huko, kwa ajili ya Zeya, nikiomba isije ikachukuliwa. Nikaifunga ndani ya gazeti lilelile. Nikaisukuma mbele yake kwa mikono miwili.

"Hii nayo ni takataka, Shangazi. Naomba ukaniteketezee."

Tanaka kwenye mashavu yake ilikuwa imetulia, lakini masikio yakawa mekundu.

"Kuni ni ghali siku hizi," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Nitaona kama kuna nafasi jikoni."

Akaificha chini ya aproni na kutoka haraka, akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Nilikaa chini. Nilikuwa nimetoa kitabu cha mwisho ambacho mimi na Zeya tungekisoma pamoja, na basi la Yangon lilikuwa bado liko palepale.

Siku ya Thadingyut mji mzima ulikuwa kwenye nguo mpya. Vijana wanakwenda nyumba kwa nyumba na vikapu, wanapiga magoti mbele ya wazee, wanainama mpaka paji la uso likaguse mkeka, na mzee anawaombea heri. Mama mkubwa aliniwekea sinia, ndizi, mishumaa na taulo.

"Peleka kwa Daw Hla Kyi."

"Mama mkubwa! Atanifukuza."

"Leo hawezi. Anayepiga magoti leo hafukuzwi, hata kama ni mkopaji. Mtoto wake anaondoka kesho. Unataka kukaa hapa ujipangie vitabu?"

Nilikwenda. Miguu ndiyo iliyonipeleka, mimi mwenyewe sikuwa na habari.

Sebule ilikuwa imejaa. Daw Hla Kyi alikaa kwenye kiti chenye mikono, na mlangoni mwa jiko alisimama Zeya, kikoi kipya cha kijani, mwiko mkononi. Aliponiona, mwiko ukateleza. Karibu na mguu wake kulikuwa na begi lililokwisha fungwa.

Nikapiga magoti. Nikaweka sinia. Viganja vikakutana, nikainama mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu nikabaki chini, paji la uso mkekani, kusubiri baraka. Nikasikia kiti kikilia. Alikuwa ameinama. Sauti ikaja karibu kabisa na sikio langu, ya chini, ya haraka.

"Usiinuke. Nahodha wa kivuko alijua tangu mwanzo?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Shangazi?"

"Nahodha! Alijua au hakujua? Sijalala. Sina mtu wa kumuuliza, humu ndani wote wananijua kama adui wa vitabu."

"Alijua," nikanong'ona kwenye mkeka. "Kumbuka kamba. Alifunga kamba kabla ya kengele."

"Kamba!" Akashusha pumzi. "Kumbe ile kamba! Na mimi nilisema huyu mtu anafunga kamba ya nini sasa hivi! Nilisema peke yangu, jikoni!"

"Na mtawa?" nikauliza.

"Mtawa nilimwonea. Nilimtukana tangu ukurasa wa tatu, maskini."

"Na mimi pia, Shangazi."

Nyuma yangu mtu alikohoa. "Msichana huyu anapewa baraka ndefu kweli," mwanamke mmoja akasema. "Amefanya kosa gani?"

Daw Hla Kyi akajinyoosha kwenye kiti. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, na kwa sauti ya watu wote akasema, "Uwe na afya. Uepukane na maradhi na moto na mafuriko. Upate unachokitamani kwa moyo safi." Mkono wake ukabaki palepale. "Na uje hapa kila jioni uniletee chochote cha maana kutoka kwa mama yako mkubwa. Nilikudhani bubu."

"Nilikuwa naogopa, Shangazi."

"Endelea kuogopa. Lakini njoo." Akageuza kichwa. "Zeya! Mpigie simu mjomba wako. Mwambie nina upungufu wa watu jikoni, huendi."

Zeya alikuwa ameduwaa. "Mama, jana ulisema—"

"Jana nilikuwa sijamaliza kitabu."

"Kitabu gani?"

Masikio yake yalikuwa mekundu tena. "Na mfungulie mgeni mtungi wa maji. Amekaa chini muda mrefu."

Nje, kwenye kivuli cha paa, mtungi uko juu ya kigoda na kata yake. Zeya alinichotea maji. Alijaza kata mno, yakamwagika kwenye miguu yetu wote wawili. Tulisimama pale, mishumaa ya mchana ikiwaka kwenye ukuta wa jirani ingawa jua lilikuwa kali.

"Nilishafunga begi," akasema. "Usiku kucha nilikuwa najiuliza nitakuambiaje. Sasa hebu niambie wewe. Mama yangu anasoma riwaya?"

"Sisemi."

"Sabei!"

"Mteja ana siri zake."

"Ulijuaje, basi? Mimi ninayelala nyumba moja naye sikujua."

Nikatazama chini. "Samli. Dole lake lina kovu. Limebaki kwenye kila ukurasa."

Akacheka, akiinamisha kichwa kama zamani, na kicheko chake kilinigusa palepale. Kisha kikakatika. Akanyanyua mkono wake mwenyewe, akalitazama dole gumba kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo na yangu uliyaona."

Maneno yakaja mpaka kwenye meno. Nikayasikia yakitaka kurudi kule yanakorudi siku zote. Nikaweka kata juu ya mtungi ili mikono yangu isiwe na pa kujificha.

"Yote," nikasema. "Tangu yule mjane na viatu. Kila ulipoondoka nilifungua kitabu, Kaka Zeya, na kila palipokuwa na dole lako niliweka langu juu yake. Na pale ulipoogopa, sikuliondoa."